Bodi ya simenti hupigwa chale, haisagwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na uniwie radhi kwa urefu wa maneno yangu.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa napita kwa jirani yangu hapa Kimara. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na vumbi jeupe linatoka nje kama moshi wa kuni mbichi. Kwenye korido, kijana wa miaka 20 hivi amepiga magoti juu ya bodi ya simenti, grainda (mashine ya umeme ya kukatia kwa diski) mkononi, shingo ya fulana kaivuta mpaka puani. Kope zake zilikuwa nyeupe kama za mtu anayeshinda kwenye mashine ya kusaga. Hatua chache nyuma yake, mlangoni kwa jikoni, mtoto wa mwenye nyumba amekaa sakafuni na kipande cha mkate. Mkate nao ulikuwa na vumbi.

Nikamwashiria azime. Akazima, akainuka, "Shikamoo mzee." Nikamwuliza zimebaki bodi ngapi. Tano. Nikarudi nyumbani kuchukua kisu changu na pima maji, tukazitoa zote tano nje, tukazikata chini ya mwembe bila kugusa umeme. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama muda wote huo na mtoto mgongoni, akaniambia: "Baba, kama inawezekana hivi, kwa nini mafundi wanatujazia nyumba vumbi?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Barua hii ndiyo jibu.

Mimi ni fundi wa dari na kuta za bodi. Nina miaka 26 kazini, na katika hiyo, 14 ya mwanzo nilikata kila kitu kwa grainda, ndani ya nyumba za watu, milango imefungwa ili "vumbi lisiende kwa jirani". Kwa hiyo siandiki kumsema yule kijana. Alichofanya ndicho nilichofundishwa mimi na ndicho nilichowafundisha wengine.

Bodi za simenti zimeingia kwenye nyumba zetu na zinastahili kuingia. Mchwa hawazili. Maji ya bafuni hayazivimbishi kama yanavyofanya kwenye jipsamu. Tunaziweka nyuma ya vigae vya bafu, kwenye dari za kibaraza, kwenye ukuta wa jiko la nje. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Ikishafungwa ukutani na kupigwa rangi au kubandikwa vigae, bodi haimdhuru mtu. Shida ni ile saa moja ya kuikata.

Ndani ya bodi kuna simenti, kuna nyuzi za mbao zilizosagwa, na kuna mchanga laini. Mchanga huo una silika, madini yale yale yaliyo kwenye mawe ya kokoto na kwenye zege. Ukiipitisha diski ya almasi inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, silika haikatiki vipande, inasagika. Inakuwa unga ulio laini kuliko wa ngano. Na sehemu ya unga huo ni chembe ambazo jicho haliwezi kuziona: chini ya mikroni 10, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Pua inakamata chembe kubwa, koo linakamata za kati. Hizi ndogo zinapita zote mbili na kwenda kukaa chini kabisa kwenye vifuko vya mapafu, na hapo hazitoki.

Niliziona siku moja bila kutarajia. Nilikuwa nimekata bodi chumbani mwa mteja, nikamaliza, nikatoka kula. Niliporudi baada ya saa nzima umeme ulikuwa umekatika na giza linaingia. Nikawasha tochi kutafuta skrubu. Chumba nilichodhani kimeshatulia kilikuwa kimejaa. Ndani ya ule mwanga vumbi lilikuwa linaelea, halipandi wala halishuki, linageuka polepole kama dagaa kwenye maji. Na mimi nilikuwa nimekaa katikati yake, navuta pumzi kama kawaida, nimevua kitambaa changu kwa sababu kazi ya kukata ilikwisha.

Nilikuwa na mwenzangu tuliyeanza naye kazi. Simtaji. Tulikuwa tunagawana: mimi juu ya ngazi nafunga, yeye chini anakata, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Akaanza kikohozi kikavu. Akapimwa kifua kikuu, akaanzishiwa dawa, akazimaliza, kikohozi kikabaki. Akaanzishiwa tena. Mara ya tatu, daktari aliyeangalia picha ya kifua akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Unafanya kazi gani?" Akamweleza. Daktari akamwambia mapafu yake yana makovu ya vumbi la mawe, na ugonjwa unaitwa silikosisi.

Silikosisi haina dawa ya kuiponya. Kovu la pafu halirudi kuwa pafu. Na aliye na makovu hayo kifua kikuu kinamshika kwa urahisi kuliko mwingine, kwa hiyo magonjwa mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja, na la kwanza likafichwa na la pili. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, na vumbi likiwa zito sana huwahi. Mwenzangu leo hii kutoka kwake hadi kituo cha daladala anapumzika mara mbili, mahali ambapo zamani tulikuwa tunapita na bodi kichwani.

Binti yangu ni muuguzi, na ndiye aliyenifanya nielewe kiasi. Aliniambia Marekani waliweka kikomo mwaka 2016: kwa zamu ya saa 8, hewa anayovuta mfanyakazi isizidi mikrogramu 50 za silika laini katika kila mita ya ujazo. Nikamwambia mikrogramu siijui. Akachukua kopo la chumvi mezani, akanibandika punje moja kwenye ncha ya kidole. "Hii moja, baba, ina mikrogramu kama 60." Tukapiga hesabu ya bafu letu: mita 2 kwa mita 1.5, kimo mita 2.7. Ujazo wake ni mita 8 na kidogo. Punje saba za chumvi, zikiwa vumbi laini hewani humo, zinafikisha kikomo. Punje saba. Nikazihesabu kwenye kiganja, nikazitazama sana. Akaniongezea kwamba tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka silika hiyo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sasa linganisha na diski. Diski yenye unene wa milimita 2, ikipasua bodi ya milimita 6 kwa urefu wote wa futi nane, inasaga karibu gramu 40 za bodi. Si zote ni silika na si zote zinafika mapafuni, nyingi ni chembe nzito zinazoanguka miguuni. Lakini hizo gramu 40 zina uzito wa punje za chumvi zaidi ya laki 6. Ukitoa sehemu kubwa mno ya hesabu hiyo na kubakiza kipande kidogo tu, bado umezidisha zile saba mara nyingi sana. Na huo ni mkato mmoja.

Ndiyo maana nasema hoja ya kwanza si barakoa. Hoja ya kwanza ni kutolizalisha vumbi.

Bodi ya simenti ina tabia moja njema: ni kama kigae. Ukiijeruhi kwenye mstari, inakubali kuvunjika kwenye mstari huo. Sisi wachache tunaofanya hivi tunaita kupiga chale. Kisu chake kina ncha ya kabaidi, chuma kigumu kile kile kilicho kwenye ncha ya kekee ya kutobolea zege. Kisu cha kawaida cha wembe unaokatika vipande kinaweza, lakini utamaliza wembe kwa bodi mbili. Changu cha kwanza sikununua. Nilichukua kipande cha wembe wa msumeno wa chuma uliovunjika, nikakinoa kwenye jiwe mpaka ncha ikapinda chini kama mdomo wa kasuku, nikakifunga kitambaa na gundi ya mpira kuwa mpini. Kinahitaji kunolewa kila baada ya mikato michache, lakini kimekata bafu tatu nzima.

Bodi inalazwa tambarare, uso mzuri juu. Pima ukubwa, weka alama pande mbili, laza pima maji au ubao ulionyooka juu ya alama. Hapa ndipo mafundi wengi wanaojaribu mara ya kwanza wanakosea: wanakandamiza kwa nguvu tangu mvuto wa kwanza, kisu kinatoroka, bodi inachanika kando, wanasema njia hii haifai. Mvuto wa kwanza ni wa kumwonyesha kisu njia tu. Mkono mwepesi. Mvuto wa pili unaongeza, wa tatu unaongeza. Utausikia mlio ukibadilika. Mwanzo unakwaruza kwa sauti ya juu, kama kucha juu ya bati. Kisu kikishashika mfereji wake sauti inashuka, inakuwa nzito, na mkono unahisi unavuta kitu kilichokubali. Kwa bodi ya milimita 6 mimi navuta mara tano au sita, mpaka mfereji ufike walau theluthi ya unene. Kabla ya kuanza napitisha sponji yenye unyevu kwenye mstari, na katikati napitisha tena. Kinachotoka ni uji mzito wa kijivu unaobaki ndani ya mfereji. Unaufuta kwa kitambaa na kwisha.

Kisha sogeza bodi mpaka mstari ukae sawa juu ya ukingo wa ubao wa mbili kwa nne. Goti moja juu ya sehemu inayobaki, viganja viwili juu ya ile inayotoka, bonyeza kwa pamoja. Inatoa mlio mmoja, "ka!", kama muwa mkavu. Nyuzi za upande wa chini zikiwa zimeshikana bado, ipindue na kuzikata kwa kisu kutoka nyuma. Ukingo unakuwa na meno meno kidogo. Kwa bafu hayo meno yanafichwa na vigae, usipoteze muda. Kwa dari linaloonekana, yapitishie tupa, ukingo ukiwa umeloa.

Bodi ya milimita 9 inataka chale pande zote mbili, mstari juu ya mstari, kwa hiyo pima vizuri. Ya milimita 12 kwa kweli inachosha, na usijaribu peke yako kwa sababu bodi nzima ya futi nne kwa nane ya unene huo inakaribia kilo 50. Hata hiyo inavunjika, lakini mfereji uwe wa kina na wawe watu wawili.

Tundu la bomba ndilo linalowarudisha watu kwenye grainda. Hakuna haja. Chora duara, toboa vitundu vidogo kwa drili kuzunguka duara, mwendo wa pole, kisha gonga katikati kwa nyundo ndogo kipande kitoke, na usafishe kwa tupa ya duara. Drili ya mwendo wa pole inatoa chembe nene kama pumba, zinaanguka hapo hapo. Ukiwa na mwenzako ashike sponji iliyokamuliwa chini ya tundu, hata hizo zinanaswa. Kona ya ndani, kwa mfano pale bodi inapozunguka fremu ya dirisha, unakata upande mmoja kwa msumeno wa mkono taratibu, bodi ikiwa imeloanishwa, na upande wa pili unaupiga chale na kuuvunja. Msumeno utaharibika meno, kwa hiyo tenga mmoja wa zamani kwa kazi hiyo.

Kuna jambo nalisisitiza kwa sababu nimeliona saiti nyingi. Fundi anashika grainda, saidia fundi anamwagia maji kwenye diski kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Vumbi linapungua kweli. Lakini grainda ya kawaida haikutengenezwa kunyweshwa maji. Maji yanaingia kwenye mota, waya umelala kwenye dimbwi, fundi yuko pekupeku au na kandambili. Tunamkinga mtu na ugonjwa wa miaka 10 kwa kumpa kifo cha sekunde moja. Mashine za kukata kwa maji zipo, zimetengenezwa hivyo kiwandani, na zinafungwa kwenye umeme wenye kinga ya kukata pale mkondo unapovuja. Kama huna hiyo, maji yawe ya sponji na kisu cha mkono, yasikaribie kitu kilichochomekwa ukutani.

Ukilazimika kabisa kutumia msumeno wa umeme, na kazi kubwa zinalazimisha, basi nje. Kuna diski maalumu za bodi hizi zenye meno manne mpaka manane tu, zinakata vipande badala ya kusaga. Mashine iwe na mdomo wa kunyonya uliounganishwa na kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, lile linalonasa hata vumbi laini kabisa, na mfuko ndani yake. Kile cha kawaida cha kusafishia zulia kinameza vumbi kwa mbele na kulitema lile laini kwa nyuma, hewa ya chumba inakuwa mbaya kuliko kabla hujakiwasha.

Na nje maana yake si kibarazani chini ya dirisha la chumba cha kulala. Msimu huu wa kusi upepo hapa kwetu unatoka kusini, kwa hiyo nasimama mgongo ukiwa upande huo na kuhakikisha mbele yangu hakuna kamba ya nguo, tenki la maji lililo wazi, wala jiko la jirani. Nafunga madirisha ya upande huo kabla ya kuanza. Natandika turubai. Watoto nawaomba wakae upande wa pili wa nyumba, nikiona wanarudi nasimamisha kazi. Feni ndani ya nyumba haisaidii, inalitembeza vumbi chumba hadi chumba.

Kuhusu barakoa nitasema kifupi. Kanga, leso, fulana na ile barakoa nyembamba ya bluu tuliyoizoea wakati wa korona hazizuii chembe hizi. Inayofaa ni N95 au FFP2 na kupanda, yenye kamba mbili za kuzunguka kichwa, imebanwa juu ya pua. Mwenye ndevu ajue hewa inapita kwenye ndevu. Nami huivaa hata ninapopiga chale, mpaka baada ya kufagia.

Kufagia. Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika, maana mama mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, anachukua fagio la chelewa na kuanza kufagia kavu. Vumbi lote linaamka. Nyunyizia maji kwanza, au mwaga maranda yaliyoloa, kisha kokota taratibu. Sakafu ya ndani ipigwe deki. Ule uji wa kijivu usimwage kwenye mfereji wa mtaani, utakauka na kuwa vumbi tena, au utaganda na kuziba. Utie kwenye mfuko wa simenti mtupu ukaungane na taka za ujenzi. Nguo za kazi usizikung'ute mlangoni. Mimi navua uani, nazitia kwenye ndoo ya maji peke yake, naoga kabla sijambeba mjukuu. Miaka ile nilikuwa naingia ndani kama nilivyo, watoto wananirukia, na mke wangu anafua nguo zangu pamoja na za watoto. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko kikohozi changu mwenyewe.

Sasa nirudi kwa swali la yule mama. Kwa nini mafundi wanaendelea? Sababu kubwa ni bei na haraka. Mkato wa futi nane kwa grainda ni dakika mbili. Kwa chale ni dakika tano, na kwa aliyeanza leo ni kumi. Mteja mmoja, nyumba nzuri, gari mbili uani, aliniambia, "Fundi, yule mwenzako alikuwa na mashine, wewe unakwaruza na kisu kama mtu asiye na vifaa." Nikamweleza. Akaniambia niongeze kasi au aite mwingine. Akamwita mwingine. Sina kinyongo naye, lakini ndani ya nyumba hiyo alikuwepo mama yake mzazi, mzee wa miaka zaidi ya 70, kitandani, chumba cha jirani na bafu.

Ndugu wasomaji wenye nyumba, ninyi ndio mnaoshika uamuzi huu. Fundi wa kujitegemea hana mkaguzi anayemfuata bafuni, na hakuna nchi inayoweza kuweka mkaguzi katika kila bafu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003, lakini kwenye ukarabati wa chumba kimoja, anayesimama pale mlangoni ni wewe. Mnapopatana bei, sema mapema: bodi zikatwe nje, kwa chale. Muongezee nusu siku yake. Mimi siku hizi naandika kabisa kwenye karatasi ya makubaliano, na wateja wakishaona ile nusu siku wanaipata wenyewe kwa kutofua mapazia na kutofuta makabati, hawabishani tena.

Kuna onyo moja linalosimama peke yake, na ningeomba uliandike kwa herufi nzito ukipenda. Haya yote ni kwa bodi mpya. Kwenye nyumba za zamani kuna mabati ya simenti na dari za bapa zilizotengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzi nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kwa macho zinafanana na bodi ya leo, kijivu ile ile, ugumu ule ule, na fundi hawezi kuzitofautisha kwa kutazama. Wenzetu Kenya walipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Dari la zamani usilojua lilikotoka, usilipige chale, usilivunje, usilipige msasa, usilitoboe. Liache lilivyo na uulize wanaohusika na mazingira kabla mtu hajapanda ngazi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mteja akinunua bodi, muuzaji humwuliza, "Na diski je?" Nimesikia swali hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Naomba muweke visu vya kuchanjia kwenye kaunta hiyo hiyo, pembeni ya diski, na swali liwe, "Na kisu je?" Huwa nazunguka maduka manne au matano kukipata kimoja, na muuzaji ananiletea cha kukatia vioo.

Yule kijana wa Jumamosi alikuja kwangu jana baada ya alasiri. Alikuwa na kipande cha wembe wa msumeno mfukoni, amekiviringisha kwenye gazeti. Tukakaa barazani na jiwe la kunolea na bakuli la maji. Mara mbili ncha ilikatika, tukaanza upya. Alipoipata, akachukua kipande cha bodi kilichokuwa kimeegemea ukuta, akavuta mstari bila rula, akauvuta tena na tena huku ameinamisha sikio. "Mzee," akasema, "sauti imeshuka."

Wako katika ujenzi,

Fundi wa dari na bodi,
Kimara, Dar es Salaam.
(Jina na anwani yangu nimekuachia ofisini.)